Kozi Ambayo Hukuichagua

Nafula mwanangu,

Umetoka kwenda Ayany kumuaga shangazi yako, na mama yako ameenda kuangalia kibanda chake sokoni. Mdogo wako Simiyu yuko nje anacheza. Jirani amewasha redio na kwaya inaimba, lakini kwa Kawangware hii, Jumapili mchana, huo ndio utulivu wetu. Nimeketi kwa meza yako. Sanduku lako liko mlangoni, limeshafungwa. Sitakuandikia mambo ya chakula, nguo na marafiki. Hayo mama yako amekuambia wiki nzima, na nimeona jinsi unavyoitikia kabla hajamaliza.

Nataka kurudi kwa ile siku majibu ya chuo yalipotoka. Ulikuwa umeomba sayansi ya kompyuta. Ulifungua simu, ukasoma kimya, kisha ukaniambia, "Baba, wamenipeleka maktaba." Kwenye simu ilikuwa imeandikwa sayansi ya maktaba na habari. Wewe ulisema maktaba tu, kama mtu anayesema amepelekwa rumande. Jioni yake nikakusikia nje ukiongea na rafiki yako Brenda, simu ikiwa kwa spika. "Sasa Nafu, utakuwa unafanya nini huko? Kupanguza vitabu vumbi?" Ukacheka. Sikukipenda kicheko hicho, lakini nilikaa kimya, kwa sababu nami nilicheka hivyo hivyo nilipoanza kazi hii ya ukutubi kule Kibera.

Siku chache baadaye ulinieleza, kwa heshima, kwamba kazi yangu imetulea vizuri ila wakati wake umepita. Ukasema siku hizi dunia inaendeshwa na teknolojia. Sikukujibu. Unanijua, majibu yangu huchelewa. Hili ndilo jibu, na sikuandikii ili nikushinde. Mambo mengine uliyaona vipande vipande ukiwa mdogo, na ningependa uondoke ukiwa nayo mazima.

Ulipokuwa darasa la pili nilirudi chuo kusomea digrii, masomo ya jioni. Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kufanya utafiti. Nikachagua kuchunguza watu wa Kibera wanatafuta habari gani wanapokuja maktaba. Nilitengeneza hojaji safi, nikapiga chapa, nikawagawia wasomaji wetu. Majibu yakarudi matamu. Kila mtu alikuwa anasoma historia, biashara na Neno la Mungu. Nikafurahi, nikayabeba mpaka kwa msimamizi wangu, mama mmoja mpole aliyekuwa na mazoea ya kusoma akiwa amesimama.

Alipitia karatasi chache, akaniuliza, "Wewe si unakaa pale mezani mbele ya maktaba kila siku? Haya ndiyo wanayokuuliza?"

Nikafikiri. Hapana. Mama mmoja wa kijiji cha Soweto West alikuwa ameniuliza kama mtoto akikosa chanjo anaanza upya. Kijana wa kuchomelea vyuma alitaka kujua barua ya kuomba kazi inaanzaje. Mwingine aliuliza kama mtu anaweza kupiga kura kama kitambulisho kimepotea. Hakuna aliyewahi kuniuliza historia. Hojaji yangu iliwauliza kama mwalimu anavyouliza darasani, nao wakanijibu kama wanafunzi wanaotaka mwalimu afurahi.

"Basi weka hizi kando," akasema. "Nenda usikilize."

Nilitoka pale nimekasirika. Niliona amenirudisha nyuma kwa neno moja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ameniokoa nisiandike uongo wenye takwimu. Nikaanza kusikiliza. Kila mtu alipouliza kitu niliandika maneno yake, si jina lake, kisha nikayalinganisha na maneno tuliyokuwa tumeyabandika kwa rafu na kwa katalogi. Sisi tulikuwa tumeandika "afya ya uzazi". Watu walisema "mambo ya wamama". Sisi "ajira", wao "kibarua" ama "mjengo". Mtu alisimama hatua chache kutoka kwa jibu lake na hakuliona, kwa sababu jibu lilikuwa limevalishwa jina asilolijua.

Hilo pengo kati ya mtu anavyouliza na jibu lilivyowekwa ndilo nililoliandikia tasnifu. Si mimi niliyeligundua. Watu wa fani yetu wamelichimba miaka mingi, tangu enzi za kadi kwenye droo, na wale waliokuja kutengeneza mashine za kutafutia walikuta njia imeshafyekwa. Ukiandika neno kwa simu yako ukapata unachotaka, chini yake kuna mkutubi fulani aliyejiuliza kwa nini msomaji wake ametoka mikono mitupu. Mimi niliongeza kipande kidogo tu, cha Kibera.

Tasnifu ikajalidiwa, ikawekwa kwa rafu chuoni. Mama yako alipika chapati. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza lolote kuihusu, na polepole nikazoea.

Kisha Achieng akaja. Wewe unamjua kama anti anayekuletea omena, lakini mara ya kwanza alipoingia maktaba hakuwa anti wa mtu. Alikuwa binti wa Kisumu Ndogo, kulekule Kibera, aliyesomea kompyuta, amebeba begi mgongoni, na kwa simu yake alikuwa amepiga picha kurasa za tasnifu yangu.

"Sasa, mwalimu. Ni wewe uliandika hii?"

Nikasema ni mimi. Akavuta kiti bila kuambiwa. Yeye na wenzake wawili walikuwa wametengeneza huduma ya simu: unatuma swali la afya kwa meseji, mashine inakujibu na kukuelekeza kliniki iliyo karibu. Ilifanya kazi vizuri mbele ya wageni. Mtaani haikufanya.

"Watu wanauliza, inanyamaza," akaniambia. "Ama inajibu upuzi. Nilidhani shida ni programu, nikaiandika upya. Bado. Halafu nikapata hii yako nikitafuta kitu kingine. Mwalimu, shida yangu yote iko hapa ndani."

Hebu fikiria. Miaka yote hiyo, na msomaji wangu wa kwanza ametoka ng'ambo ile ya reli. Ningeruka kwa furaha. Lakini aliendelea: "Ila tu, maneno yako mengi ni ya shule. Hizo nimetoa, nimeweka za mtaa."

Nafula, nilihisi kama mtu ameingia kwangu akaanza kusogeza viti. Nikakaza uso, nikamwambia aandike barua rasmi kwa kamati ya maktaba. Aliandika. Nikamwambia kamati haijakaa. Alirudi tena na tena, na kila mara nilimtafutia kisingizio. Sikumkatalia wazi. Nilimchelewesha tu, kwa adabu, jinsi ofisi zinavyojua kuchelewesha mtu, na moyoni nikijiambia ninalinda utafiti.

Halafu ikaja ile siku ya Simiyu. Unaikumbuka, kwa sababu ni wewe uliyemshika kichwa. Alikuwa na joto tangu asubuhi, mama yako akampa dawa, akadhani limeshuka. Mchana mwili ukakakamaa, macho yakapinduka, akaanza kutupa miguu na mikono. Mimi nilikuwa kazini. Mama yako alinipigia, hakunipata. Simu yangu ilikuwa kwa chaji chumba cha nyuma. Akakumbuka ile namba ya Achieng. Nilikuwa nimemtajia siku moja, kwa dharau kidogo, kwamba kuna msichana ana mashine ya kujibu watu. Akaandika: mtoto anarusha miguu na mikono.

Mashine ikaona miguu, ikamwelekeza mahali watoto wanapofanyia mazoezi ya mpira siku ya Jumamosi.

Mama Otis wa mlango wa pili ndiye aliyesikia mama yako akiita. Alimlaza Simiyu kwa ubavu, akawazuia msimtie kijiko mdomoni, akasimamisha bodaboda. Nilipofika kliniki mtoto alikuwa amelala, amewekewa maji, na wewe umeketi sakafuni ukiwa na kiatu kimoja. Mama yako hakulia. Alinipa simu yake.

"Soma."

Nikasoma.

"Hii ni ile mashine ya yule msichana wako?"

"Ndiyo."

"Na wewe ungejua nimeuliza nini?"

Ningejua. Katika tasnifu yangu kulikuwa na kundi zima la maneno hayo. Watu walikuwa wameniambia mtoto ameshikwa, mtoto anakauka, mtoto anarusha miguu, na mimi nikayapanga yote chini ya degedege, vizuri sana, nikayafungia chuoni.

Usielewe vibaya. Daktari alisema tulifika mapema, na hata mashine ingejibu sawa, kilichomfaa mtoto ni mikono ya Mama Otis na ile bodaboda. Sijabeba hilo kama mzigo na sitaki ulibebe. Lakini pale kliniki ndipo nilipoacha kuiita kazi ile yangu.

Kesho yake nilimpigia Achieng. Nikamwambia, "Kuja. Na ukuje na hizo zako za mtaa."

Hakuniuliza kilichobadilika. Alikuja.

Tulianza kukaa pamoja Jumamosi maktaba ikifungwa, na wewe ulikuwa ukifanyia homuweki meza ya pili. Ulisikia kelele zetu ukadhani tunagombana. Kweli tuligombana. Mimi nilifunzwa kwamba kila jambo lina jina moja rasmi, na msomaji akija na jina lingine anaelekezwa pale: tazama degedege. Nililitetea neno hilo mchana kutwa. Achieng akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, kitabu kinakaa rafu moja. Hii si kitabu. Yote yaingie, yote yafike mahali pamoja." Hapo nikaiona sheria yangu ilivyo. Ilikuwa sheria ya mbao na misumari, na mimi nilikuwa naipeleka mahali pasipo na mbao wala misumari.

Naye akaingiza yote, mpaka mashine ikavurugika. Mwanamke aliandika, "mzee wangu ameshikwa, nifanye nini," akaambiwa amlaze mumewe kwa ubavu. Mumewe alikuwa ameshikwa na polisi. Achieng alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaacha kucheka. Hapo ndipo nilipomwonyesha sura ya tatu ya tasnifu, aliyokuwa ameiruka kwa sababu haikuwa na orodha. Inaeleza kwamba neno peke yake halitoshi, lazima uangalie limekuja na nani. Kushikwa likija na mtoto na joto ni jambo moja. Likija na mume na jana usiku ni lingine. Alienda nayo nyumbani. Wiki iliyofuata mashine ilikuwa imeanza kuelewa.

Sijui nani kati yetu alikuwa mwalimu. Tulipokezana.

Huduma ikakua, ikavuka Kibera, na penye asali nzi hawakosi. Kampuni moja ikataka kuwafadhili. Achieng alikuja amevaa vizuri, uso unang'aa. Walihitaji kitu kimoja tu, wapewe maswali yote pamoja na namba za simu zilizoyatuma.

"Ni data tu, mwalimu. Kila mtu anafanya hivyo."

Nikamuuliza, "Mama yako akihisi uvimbe kwa titi, akauliza mashine yako kabla hajakuambia wewe, ungetaka nani ajue?"

Nikamweleza desturi yetu, ambayo watu wengi hawaijui. Msomaji akirudisha kitabu, tunafuta kwamba ni yeye aliyekiazima. Polisi akija, mume akija, pasta akija, hatuna la kumwonyesha. Watu wa fani yetu wamelifikiria na kuliandikia jambo hili sana, kwa sababu wameona kwamba mtu anayejua anatazamwa haulizi anachohitaji. Anauliza kinachopendeza. Ni ile hojaji yangu tena.

Achieng akasema, "Lakini wewe huna mishahara ya watu kichwani." Hilo lilikuwa kweli. Akaondoka, na sikujua ataamua nini. Niliomba tu, kimyakimya, kwamba nisiwe nimempotezea riziki kwa desturi ya watu wa vitabu.

Aliporudi alikuwa amebadilisha mashine. Jibu likishatumwa, namba inakatwa kutoka kwa swali, na hata yeye mwenyewe hawezi kuiunganisha tena. Kampuni ikajiondoa. Mwenzake mmoja akaondoka pia, kwa hasira, na mpaka leo hawaongei. Kwa muda mrefu huduma yote iliendeshwa kutoka kwa kompyuta moja ya maktaba yetu, ile ya pembeni, na Achieng akarudi kuishi kwa mamake na kumsaidia kuuza omena. Sitaki ufikirie kwamba kufanya jambo sawa kulimlipa haraka. Kulimgharimu, na kuna siku alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

Lakini maswali yalianza kubadilika. Nilikuwa nayaona, bila namba, bila majina. Wanawake waliuliza vitu ambavyo kwa miaka yote pale mbele hakuna aliyethubutu kuniuliza. Wanaume pia. Niliyasoma nikaona mtaa wangu kama vile sijawahi kuuona. Baadaye kundi la kliniki likaichukua huduma hiyo kwa sharti la Achieng la kukata namba, kisha ikaunganishwa na mfumo mkubwa zaidi, na leo mama akiandika kwamba mtoto anakauka, anaambiwa amlaze kwa ubavu, asimtie kitu mdomoni, akimbie hospitali. Hakuna mahali pameandikwa maktaba. Hakuna jina langu, wala la Achieng. Mwanzoni nilijaribu kulionea uchungu, nikashindwa, Simiyu akipita mbele yangu na mpira wake.

Nimekuandikia haya kwa sababu ulisema wakati wa kazi hii umepita na sasa ni wa teknolojia. Mimi sikuona mambo mawili. Niliona utafiti mzuri uliolala kwa rafu bila kumfaa mtu, na mashine nzuri iliyomwelekeza mama yako uwanja wa mpira. Vilipokutana, kila kimoja kiliaibika kidogo, kisha kikafanya kazi.

Hata hivyo sikulazimishi. Nimeulizia, na kuna nafasi ya kuomba kubadilisha kozi. Ukifika ukaona moyo wako bado uko kwa kompyuta, omba. Penye kuhitaji sahihi yangu nitatia, wala sitanuna. Mimi nilikaa miaka mingi nikilinda kitu mpaka kikakaribia kuoza mkononi. Sitaki nikulinde wewe namna hiyo. Ila usibadilishe kwa sababu ya Brenda.

La mwisho ni la juzi Ijumaa, sijamwambia mtu.

Mzee Kamau alikuja maktaba, yule mwenye ploti kule juu karibu na kanisa, aliyezaliwa hapa Kawangware kukiwa bado ni mashamba. Alikuwa na simu ya mjukuu wake, yenye ile programu mpya ya kujibu kila swali. Akaniambia, "Mwalimu, hii kitu inaongea Kiswahili inakushinda." Anataka kugawa ploti kabla hajaondoka duniani. Ana wavulana, na ana binti, Wambui, aliyeolewa Nyeri. Aliiuliza simu, ikamjibu kwa ufasaha kwamba binti aliyeolewa hayumo, na ikamtajia kifungu cha sheria.

"Nikaiuliza, hii umetoa wapi? Ikaniomba msamaha, ikanipa kifungu kingine." Akaiweka simu juu ya meza. "Sasa nakuuliza wewe. Imetoa wapi?"

Nikamwambia, "Mzee, sijui. Tutafute."

Tukashusha kitabu cha sheria ya urithi. Kifungu cha kwanza kilihusu jambo tofauti kabisa. Cha pili vilevile. Tukaanza mwanzo, mimi nikimsomea kwa Kiingereza na kumtafsiria, yeye akinisimamisha kila aliposhuku nimeharakisha. Tukafika panapotajwa watoto wa marehemu. Akaniambia nirudie.

"Imesema watoto, mzee. Haijasema wavulana."

"Na aliyeolewa?"

"Haijamtoa."

Alivua kofia, akaipangusa. "Basi Wambui yumo."

Mwanangu, jinsi ya kuifanya mashine kama ile iseme imetoa wapi inachosema, au ikiri kwamba haijui, mimi siwezi. Sina elimu hiyo, na umri wangu wa kuitafuta unaisha. Achieng ananiambia huko nje watu wa kompyuta na watu wa fani yetu wameanza kulihangaikia pamoja, na kwamba bado hawajafika. Hilo litakuwa swali la rika lako, kwa kozi yoyote utakayoishia.

Mzee alichukua nakala ya ukurasa, akasimama nje karibu na dirisha, akampigia bintiye. Kikuyu changu ni cha sokoni, unajua. Nilisikia akieleza polepole, akasita, binti akauliza kitu. Kilichofuata nilikielewa bila shida.

"Hapana," mzee akamwambia, "si simu imeniambia. Nimesomewa, nikaona kwa macho yangu."

Nenda salama, mama.

Baba yako